Mhasi wa Mella

Fahali alikuwa amelazwa ubavu, miguu yote minne imefungwa kwa kamba ya katani, na Elungat alikuwa amepiga magoti nyuma yake akiutafuta mshipa wa korodani kwa vidole. Aliupata, akautenga kando, akaleta koleo. Akabana na kuhesabu kimoyomoyo mpaka ishirini. Mnyama alitoa sauti moja fupi, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, kisha akanyamaza. Elungat akahamia upande wa pili. Hapakumwagika damu hata tone, na ndiyo sababu watu wa Kiyeyi walimwita yeye toka Mella wakawaacha wenye visu.

Owor, mwenye fahali, alilegeza kamba akauliza itachukua muda gani kabla ya mnyama kutiwa nira.

"Miezi miwili," Elungat akasema. "Kwanza hasira itakwisha. Halafu shingo itapungua, mwili utalainika. Majike watapita mbele yake na hatageuza kichwa."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakimtoka, akainama upesi kulifuta koleo kwa nyasi.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu Uganda ipate uhuru, na Elungat alikuwa na miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kuhasi mafahali na kuwafundisha jembe, maana katika nchi ile ya pamba mtu asiye na maksai wawili wanaojua kwenda mstari mmoja alihesabiwa bado mtoto. Miezi kumi na sita nyuma, kwenye mnada wa ng'ombe Busia, fahali mmoja alimrukia akampiga teke chini ya kinena. Alivimba akashindwa kutembea. Alilala wiki tatu akikandwa maji ya moto, uvimbe ukashuka, akarudi kazini, na kila mtu akasema Mungu amemponya.

Kumbe kilichopona kilikuwa kutembea tu. Ndevu alizokuwa akinyoa kila Jumamosi sasa zilikaa mwezi bila kuhitaji wembe. Misuli ya mapaja ililegea. Alichoka kabla ya saa nne asubuhi. Na usiku, kando ya mkewe Akwi, alilala kama gogo. Si kwamba alitaka akashindwa, bali hata kule kutaka kwenyewe kulikuwa kumemhama. Dalili hizo hakufundishwa na mtu. Alikuwa ameziona kwa wanyama zaidi ya mia tatu.

Akahamia kulala jikoni, kibanda kilichokuwa karibu na zizi. Alisema anawalinda maksai, kwamba wezi wa mpakani wamezidi. Akwi hakubisha. Alimpa blanketi zito, akabaki nyumbani na binti yao wa pekee, Alungat, aliyekuwa na miaka saba.

Mambo yangeweza kukaa hivyo miaka mingi, kama si Ilukor, mdogo wake Elungat. Alikuja siku moja mchana akiwa amevaa shati safi, akaketi, akaeleza kwa upole kile ambacho ukoo ulikuwa umekizungumza. Mtoto mmoja, tena wa kike, hatoshi. Zamani wazee walijua namna ya kumsaidia ndugu bila kumwaibisha: mtoto angezaliwa nyumbani mwa Elungat, angeitwa wa Elungat, na habari ingeishia hapo. Yeye Ilukor alikuwa tayari. Akwi, aliyekuwa akichambua njugu kizingitini, aliinuka na ungo wake akaingia ndani. Elungat alimtazama mdogo wake kifuani, kwenye vifungo vya shati, na hakusema neno.

Ilukor alipoondoka Akwi alitoka.

"Ulinyamaza," akasema.

"Ningesema nini?"

"Sijui. Lakini ulinyamaza."

Kesho yake Elungat alimwendea Ikwap, mzee wa kanisa aliyeongoza ushirika wa waliookoka pale Mella. Ikwap hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyemlimia Elungat shamba zima wakati ule wa uvimbe, bila kuombwa. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema jambo ambalo Elungat mwenyewe alikuwa akilikwepa: kwamba mtu hawezi kuondoa udume wa viumbe vya Mungu miaka kumi na mitano asiulizwe. Akamshauri aweke koleo chini, afunge siku tatu kila wiki, na asubiri.

Elungat alitii msimu mzima. Watu wa Kiyeyi walikuja wakarudi bure. Alifunga mpaka suruali ikashikiliwa kwa kamba. Maksai wake wawili walimwangalia akiyumba nyuma ya jembe na mistari ikawa inapinda, jambo ambalo halijawahi kuonekana shambani mwake. Palizi ilipofika, Akwi aliweka sufuria ya uji mbele yake siku ya kufunga, akaketi mkabala naye.

"Ulipovunjika mkono," akasema, "hukufunga. Ulifungwa plasta Tororo."

"Mkono ni mkono tu."

"Na huku ni wapi? Si mwili uleule?"

Elungat akaivuta sufuria. Akanywa uji.

Walikwenda Tororo kwa baiskeli, Akwi amekaa nyuma kwenye keria. Daktari alikuwa Mhindi kijana aliyezaliwa mjini humohumo, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chao. Alimuuliza Elungat anaumwa nini. Elungat alifikiri kidogo, halafu akaeleza kama anavyoeleza habari za mnyama: lile teke la mnadani, nguvu zilivyoanza kupungua, mwili ulivyolainika, hasira ilivyokwisha, ndevu, usingizi, na lile la kutogeuza kichwa. Hakuona aibu hata kidogo mpaka alipomaliza, ndipo masikio yakamwaka moto.

Daktari alimpima, akanawa mikono, akarudi kuketi. Alisema lile teke lilikuwa limeua korodani zote mbili. Kilichokuwa kikitengenezwa mle, kile kinachomfanya mwanamume kuwa mwanamume mwilini, sasa hakitengenezwi. Lakini kimepatikana namna ya kukitia kwa sindano, kila baada ya wiki tatu. Dawa hiyo pale hospitali hapakuwa nayo. Angewaandikia barua ya kupeleka duka la dawa la Busia, iletwe toka Nairobi kwa basi.

"Nguvu zinaweza kurudi," akasema. "Sina hakika, lakini zinaweza. Watoto, hapana. Hilo nisikudanganye."

Wakashika njia ya kurudi. Kwenye mlima walishuka wakasukuma baiskeli pamoja, yeye akishika usukani na Akwi akisukuma keria kwa nyuma.

Habari haikumpendeza Ikwap. Kama dawa ingeleta mtoto, alisema, yeye mwenyewe angesindikiza. Ndoa imewekwa kwa ajili ya uzao. Lakini mtu kuchomwa sindano ili apate hamu tu, bila mtoto mbele yake, hiyo ni kununua tamaa ya mwili hospitalini kama anavyonunua chumvi. Mungu akimpumzisha mtu na tamaa, kwa nini mtu aifuate tena? Alisema hayo kwa huzuni, akimshika Elungat bega, na Elungat aliona kwamba hoja ina kichwa na miguu. Barua ya daktari ikakaa wiki mbili ndani ya kofia yake ya Jumapili.

Ni Akwi aliyeamua waende kwa mchungaji. Mchungaji Okochi alikuwa Msamia wa Lumino, ameletwa parokia ile mwaka mmoja tu nyuma, na Kiteso chake, lugha ya watu wa Mella, kiliishia kwenye salamu. Kwa hiyo ilibidi wazungumze Kiswahili, lugha ambayo Elungat na mkewe waliijua kwa kuuzia njugu na kununulia ng'ombe. Hilo likawasaidia. Maneno ambayo kwa Kiteso yasingetoka mdomoni mbele ya mkwe wala mgeni, kwa Kiswahili yalitoka yamevaa nguo.

Mchungaji alikuwa akiziba pancha ya baiskeli yake. Aliendelea kukwangua mpira huku Elungat akisimulia, na alipofahamu ni habari gani, kukwangua kukaongeza kasi. Alikuwa mtu mwenye haya. Elungat alipofika kwenye maneno ya Ikwap, mchungaji aliuliza, bila kuinua macho, kama mama naye ana neno.

"Ninalo moja, Mchungaji," Akwi akasema. "Mama yangu alikoma kuzaa mimi nikiwa msichana. Baba aliendelea kulala nyumba ile ile miaka kumi na miwili, mpaka alipokufa. Walikuwa wanakula meza ya Bwana kila mwezi. Hakuna mzee wa kanisa aliyekuja kumtoa baba kitandani."

Mchungaji aliweka kipande cha mpira chini.

"Natafuta neno la kukataza," akasema. "Nimelitafuta tangu mlipoanza kusema. Silipati. Nilipata la yule ndugu yako Ilukor, hilo lipo, tena wazi kabisa. Lakini la sindano silipati."

"Na zile ng'ombe?" Elungat akauliza. "Nimezihasi miaka kumi na tano. Kama ni malipo, mimi naogopa kuchukua dawa ya kufuta malipo ya Mungu."

"Fahali alikupiga teke, mzee. Mafahali hupiga teke." Mchungaji alimtazama kwa mara ya kwanza. "Siku ya harusi uliahidi kumtunza huyu katika ugonjwa. Hukuahidi kukaa na ugonjwa. Nenda hospitali. Mimi nitasema na Ikwap, na pengine atanikasirikia."

Akawaombea hapohapo, mikono ikiwa na gundi, sala fupi ambayo haikutaja kiungo chochote cha mwili.

Akwi ndiye aliyevuka mpaka kuifuata dawa. Elungat alikuwa amesema ataenda mwenyewe, akaahirisha mara mbili. Duka la dawa la Busia upande wa Kenya lilikuwa limejaa watu siku hiyo ya soko. Aliweka karatasi kaunta. Mwuzaji aliisoma, akamtazama, akauliza kwa sauti ni ya nani. "Ya mume wangu," Akwi akajibu kwa sauti ileile, na waliokuwa nyuma yake wakapata la kusimulia.

Sindano ya kwanza haikuleta kitu isipokuwa maumivu ya makalio. Dawa yenyewe ilikuwa mafuta mazito. Muuguzi wa Tororo aliipasha joto viganjani kabla ya kuivuta. Sindano ya pili ikapita. Elungat alikuwa ameanza kutafuta namna ya kumwambia mkewe waache, alipojikuta asubuhi moja akimfokea maksai aliyekanyaga mstari, akimfokea kwa matusi kamili yasiyomfaa mtu wa kanisa. Akwi, aliyekuwa akipanda nyuma yake, aliketi kwenye tuta akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

Mwezi wa nne wa sindano Ilukor alirudi na lile shati safi. Elungat alikuwa akimfungua maksai nira. Hakumkaribisha kiti. Alimwambia, wakiwa wamesimama, kwamba Akwi ni mke wake, mtoto anaye, hatazaa mwingine, na maneno ya ukoo yaishie getini siku hiyo. Ilukor alijibu kwamba nia yake ilikuwa njema. "Najua," Elungat akasema, akaibeba nira zizini. Ndugu hao hawakusalimiana mpaka mavuno.

Jumamosi iliyofuata Alungat alitumwa kwa bibi yake kukaa siku mbili. Usiku huo Elungat alilitoa blanketi lake jikoni akalirudisha nyumbani. Siku ya pili, kabla ya kengele ya kanisa, Akwi alilitoa godoro la pamba nje akalitandaza katikati ya uwanja, juu ya mikeka miwili, mahali jua linapopiga bila kivuli. Alilipiga kwa fimbo, vumbi likapanda. Elungat alikuwa ameketi mlangoni akinyoa, kioo kidogo amekiegemeza kwenye goti.

Ikwap akapita barabarani kwa baiskeli, koti jeusi, amevaa kofia. Alipunguza mwendo. Macho yake yalikwenda kwenye godoro, yakatoka, yakarudi. Akwi alimsalimu kama anavyosalimiwa mzee wa kanisa, akauliza hali ya watoto. Ikwap akajibu kwamba ni wazima. Kisha Akwi akainama, akalishika godoro ncha mbili, akaligeuza upande wa pili.