Vipande Visivyopatana

Mwaka 1998 Medina alikuwa fundi redio pekee mwanamke mjini Arua, na kwa kadiri alivyojua, hapakuwa na kifaa kilichoingia dukani kwake kikatoka kibovu kama kilivyokuja. Kazi alifundishwa na baba yake, askari wa mawasiliano kutoka Koboko, walipokuwa wakimbizi upande wa Kongo baada ya vita vya sabini na tisa. Huko hapakuwa na duka la vipuri. Mzee alikuwa aking'oa kipande kwenye redio ya Kijapani na kukichomelea kwenye redio ya Kijerumani, nayo ikaimba. Basi Medina alikua akiamini kwamba kipuri ni kipuri tu. Ukijua kazi yake, hukosi pa kukiweka.

Imani hiyo ndiyo iliyomtesa miezi mitano.

Yalianza Februari, katika ofisi ya shirika moja la misaada alikoitwa kutengeneza redio ya upepo, ile ya kupokea na kujibu. Karani wa ofisi ile, Norah, alikuwa na kompyuta mezani, na saa ya chakula cha mchana alimwonyesha mchezo ambao mfanyakazi mmoja mzungu aliuacha alipohama. Ulikuwa mchezo wa kurusha ndege. Unakaa kama rubani, unaona uwanja mbele yako, unaongeza moto, unapaa. Medina aliiangusha ndege mara tatu. Mara ya nne aliishusha uwanjani salama, akajikuta amesimama wima, mikono imeloa jasho. Kwa wiki mbili alikuwa akifika pale kila siku saa saba mchana, redio au hakuna redio, mpaka mkuu wa ofisi akapiga marufuku mchezo wowote kwenye mashine za kazi.

"Unda yako," Norah alimwambia. "Wewe si fundi? Tuna mashine moja iliyokufa, wanataka kuitupa. Nitakuombea."

Ndivyo Medina alivyopata kasha la bati, kisanduku cha umeme kilichokuwa ndani yake, diski, kioo na kibodi. Vilivyobaki ilibidi vitoke Kampala: mazabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao vipande vingine vyote hukaa juu yake, prosesa, ambayo ndiyo akili ya mashine, memori, yaani kumbukumbu yake, na kadi ya picha. Aliviandika vinne hivyo kwenye karatasi, neno moja kila mstari, akampa Celestino, dereva wa lori aliyekuwa akipeleka tumbaku Kampala na kurudi na bidhaa za maduka. Hakuandika kitu kingine. Hakudhani kuna kitu kingine cha kuandika.

Watu walimcheka. Wifi yake alimuuliza kama mtu mzima wa miaka arobaini na moja haoni haya kutafuta mchezo.

"Mume wako anacheza karata tangu adhuhuri hadi magharibi," Medina alimjibu. "Umeshamuuliza faida yake?"

Celestino alirudi baada ya siku kumi na moja na vitu vyote vinne. Medina alifunga mlango wa duka ili asisumbuliwe, akafunga mazabodi ndani ya kasha, akabonyeza prosesa mahali pake, ikakaa. Kadi ya picha ikakaa. Alipofika kwenye memori, mambo yakasimama. Memori aliyoletewa ilikuwa kibao kirefu kama kiganja na vidole vyake, na nafasi zilizokuwa kwenye mazabodi zilikuwa fupi. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akakitazama kibao kile kwa muda mrefu, mkononi ameshika tupa, akiwaza kukikata. Hilo hata baba yake asingelifanya. Akaiweka tupa chini.

"Umeniletea nini?" alimuuliza Celestino.

"Memori, mama. Karatasi yako ilisema memori."

"Hii haiingii."

"Mimi naliomba memori, ule bwana wa duka alinipa memori. Sasa kosa yangu iko wapi?"

Medina akakasirika zaidi. Alimwambia mtu mwenye macho angeangalia. Celestino akachukua kile kibao kirefu, akakifunga katika gazeti, akaondoka nacho.

Safari ya pili alileta fupi, akabaki dukani kutazama. Ilikuwa moja. Iliingia vizuri, ikabana kwa mlio mdogo uliomfurahisha Medina kuliko maneno. Akawasha jenereta nyuma ya duka, akawasha kompyuta. Pangaboi likazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Mashine ikalia pii, pii, pii, ikanyamaza.

Kwa siku tisa alitafuta kosa. Alifungua, akasafisha, akafunga. Alihamisha ile memori kwenye nafasi ya pili, ya tatu, ya nne. Alipima umeme wa kila waya. Redio za wateja zilirundikana mezani, na waliokuja kuzichukua walizikuta kama walivyoziacha. Akawa mkali. Mzee mmoja wa Dadamu alikuja kuuliza redio yake kwa mara ya tatu, akarudishiwa mikononi na kuambiwa ajaribu fundi mwingine. Mzee akaipokea, akamtazama kwa mshangao, akaenda zake.

Norah ndiye aliyefumbua fumbo. Alipita Jumamosi, akaona kitabu chembamba kilichokuja na mazabodi kikiwa kimewekewa chuma cha kuchomelea juu yake.

"Hiki umekisoma?"

"Cha nini? Sijawahi kusoma kitabu cha redio."

Norah akakifungua, akasoma akisogeza kidole. "Inasema memori za namna hii huwekwa mbili mbili. Moja peke yake, mashine haitawaka."

Siku tisa. Medina alicheka kicheko kikavu, akaomba kitabu, akakisoma ukurasa ule mwenyewe, kisha akakirudisha mezani. Kurasa nyingine hakuzifungua. Alikuwa ameshajua shida iko wapi.

Memori ya pili ilichelewa. Lori la Celestino lilizuiwa Karuma kusubiri msafara wa wanajeshi, kwa sababu barabara ya Pakwach haikuwa salama, na alipofika Arua alikuwa hajalala vizuri siku nne. Hata hivyo alipitia dukani kabla ya kwenda kwake. Akamkabidhi kile kibao kidogo, akaketi kwenye kreti ya soda kutazama, kwa kuwa na yeye alitaka kuona kitu kilichomtukanisha kikiwaka.

Medina alikuwa ameng'oa kila kitu tena. Akarudisha vyote upesi. Mwisho zilibaki plagi mbili zinazotoka kwenye kisanduku cha umeme, ambazo hukaa pamoja kwenye mazabodi, bega kwa bega. Zilikuwa zinafanana. Akazisukuma.

"Mama Medina," Celestino akasema. "Ile siku ingine, waya nyeusi zilikuwa zinakaa katikati, nyeusi na nyeusi. Leo ziko pembeni."

"Wewe endesha lori."

"Nasema tu vile nilionaga."

"Na mimi nasema, kazi yako ni usukani. Kompyuta niachie mimi."

Akabonyeza swichi. Hapakuwa na mlio mkubwa. Kulisikika kitu kama mtu anayepasua kijiti, kisha moshi mwembamba ukapanda kutoka kwenye kasha, na harufu ile ambayo kila fundi anaijua ikajaza chumba. Medina akazima. Mkono wake ulibaki juu ya swichi.

Celestino alisimama, akatia kofia yake kichwani. Medina alisikia lori likiwashwa nje, likaenda.

Kesho yake hakufungua duka. Jioni Norah alimkuta ameketi uani, mazabodi iliyoungua iko magotini, anaikwangua masizi kwa ukucha.

"Imesemwa kitabuni," Medina akasema. "Ukurasa wa nne. Nyeusi ziwe katikati. Wamechora na picha. Dereva aliona kwa macho tu, na mimi nina miaka ishirini katika kazi hii."

"Utaacha?"

"Sijui. Nina hasira sana, siwezi kuacha nikiwa hivi."

Koboko alikuwako Tahiru, mtoto wa mama yake mdogo, aliyerudi kutoka Khartoum na masanduku ya vitu vya umeme. Mwezi Juni Medina alitia vipande vyake ambavyo havikuungua ndani ya mfuko mkubwa, kila kimoja kimefungwa kwa kitambaa, pamoja na kile kisanduku cha umeme, akapanda gari la kwenda Koboko. Safari hii alibeba na daftari. Alikuwa amechora kila kipande kwa penseli, kwa ukubwa wake halisi, akahesabu meno yake ya kuchomeka, akaandika idadi pembeni, na nyuma akanakili hatua za kitabuni.

Tahiru alikuwa na mazabodi tatu. Akaziweka juu ya mkeka kwa utaratibu wa muuzaji, nzuri mwisho.

"Hii ndiyo chukua, dada. Mupya kabisa. Hii ingine mbili ni ya zamani."

Mpya ilimeta. Mkono wa Medina ulikwenda pale wenyewe. Akaugeuza ubao ule polepole, akafungua daftari. Nafasi za memori zilikuwa ndefu. Memori zake zilikuwa fupi. Plagi ya umeme ilikuwa moja pana. Yeye alikuwa na mbili. Nafasi ya kadi ya picha ilikuwa na meno yasiyolingana na yale aliyoyachora. Kuichukua hiyo ni kuanza upya, na kumtuma tena Celestino ambaye sasa alikuwa akipita mbele ya duka lake bila kupunguza mwendo.

Ya pili ilikuwa imevunjika pembe. Ya tatu ilikuwa na vumbi la Khartoum katika kila tundu. Akailinganisha na daftari, mstari kwa mstari. Memori, sawa. Plagi, sawa. Kadi, sawa. Prosesa yake tu ndiyo haikukubali kuingia. Juu ya ubao ilikuwa imekaa nyingine, ya polepole zaidi, ambayo kasi yake haikufika nusu ya ile ya Kampala.

"Ile ni kama punda," Tahiru akaonya.

"Najua. Nipe hiyo."

"Kwa nini? Ile mupya iko hapa."

"Kwa sababu hii inapatana na vitu vyangu, Tahiru. Nimechoka kununua vitu vizuri visivyopatana."

Tahiru hakutaka pesa, alitaka kazi. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa bubu tangu Ramadhani na Maulidi ilikuwa imekaribia. Medina alikifungua alasiri ileile, akakuta waya uliooza na swichi iliyojaa kutu, na kabla ya sala ya magharibi kilikuwa kinasema. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kutengeneza kitu kikapona, na akaona jinsi alivyokuwa amekosa hisia hiyo.

Asubuhi walijaribu mashine kwa jenereta ya Tahiru na kioo kimoja kutoka masanduku yake. Medina alimpa daftari.

"Wewe soma, mimi nitashika. Usiende mbele mpaka niseme tayari."

Tahiru akasoma kama mtoto wa madrasa, neno moja moja. Walipofika kwenye plagi mbili, alisoma mara mbili, na Medina akaangalia mara tatu. Swichi. Pangaboi. Kisha maandishi meupe yakatokea kiooni, yakaanza kuhesabu memori. Tahiru alipiga makofi. Medina alikaa tu, akizitazama namba zikipanda, mpaka zilipofika mwisho akavuta pumzi.

Lakini isidhaniwe kwamba taabu iliishia hapo. Mchezo ulikuwa katika disketi tisa ambazo Norah alimnakilia, na ya saba haikusomeka. Ikanakiliwa tena, haikusomeka tena. Nakala ya tatu ilisomeka. Na ndege ilipopaa hatimaye, prosesa ile ya zamani haikuweza kuifuata. Ardhi ilikuja vipande vipande, kama picha zinazobandikwa ukutani na mtu mvivu. Ukigeuza kulia, ndege hufikiri kwanza. Medina alilaani kila siku, na kila siku saa saba mchana aliwasha jenereta.

Wiki iliyofuata alikwenda pale malori yanapopakia. Celestino alikuwa anakaza kamba juu ya marobota ya tumbaku.

"Uliniambia kweli, nikakutukana," Medina akasema kutoka chini. "Nimekosa, ndugu yangu. Na ile habari ya kwanza pia, ya memori ndefu, kosa lilikuwa langu. Niliandika neno moja."

Celestino aliendelea kukaza kamba mpaka akaifunga fundo. "Ilinikaa moyoni, mama," akasema. "Siku nne bila kulala, halafu kusikia vile."

"Najua."

Akashuka, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Sasa inawaka?"

"Inawaka, lakini inaudhi."

Alikuja baada ya kupakia. Medina alimpa kiti chake mwenyewe, akamwonyesha vitufe. Celestino aliikamata kibodi kwa mikono miwili kama usukani, akaongeza moto mpaka mwisho. Uwanja ukakimbia, ukakwama, ukakimbia.

"Breki iko wapi?"

"Bado uko chini, breki ya nini? Vuta juu."

"Navuta. Haisikii."

"Inasikia. Ngoja, inakuja polepole."

Wakangoja wote wawili, nyuso zao karibu na kioo, ndege ikiwa imesimama nusu angani na mlima mmoja wa kijani haujamaliza kutokea.