Msimu Bora wa Kuviona Visiwa

Kama kuna mtu Mbita aliyejua ni lini hasa mtu apande helikopta akaviangalie visiwa kutoka juu, basi ni Nyatichi. Alikaa mapokezi kwenye hoteli moja ya watalii kando ya ziwa, na simu haikuacha kulia: leo Mjerumani, kesho Mhindi wa Kisumu, keshokutwa kijana wa Nairobi anayetaka kumposa mtu angani kwa kuwa ardhini amekosa maneno. Swali lao lilikuwa lile lile: tuje mwezi gani? Nyatichi alijibu bila kupepesa macho. Januari na Februari msije, watu wanachoma mashamba na vumbi limetanda, mtachungulia visiwa kama walio nyuma ya pazia. Machi mpaka Mei ni mvua, na mvua ya huku haina adabu, inakuja na radi. Njooni mwezi wa sita. Hewa imeoshwa, Rusinga ni kijani kitupu, mchanga wa Takawiri unang'aa, na huko Mfangano mtaona mpaka njia za mbuzi. Hakuwahi kumdanganya mgeni hata mmoja, na tuseme kweli, alijivunia jambo hilo kupita kiasi.

Sasa mwezi wa Desemba baba yake, Mzee Omosa wa Rongo, alipelekwa kwa daktari wa macho. Ikaonekana ana presha ya macho, ule ugonjwa unaoiba taratibu kutoka pembeni, mwenyewe hana habari, mpaka siku anapogonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. Daktari hakuzungusha maneno. Kilichopotea hakirudi, alisema, na kilichobaki dawa itakishikilia kwa muda tu. Huo muda ni kiasi gani, Mungu ndiye ajuaye.

Mzee Omosa alikuwa fundi wa mapaa. Ujana wake wote aliumalizia visiwani, akitoka kisiwa kimoja kwenda kingine na nyundo na msumeno wake, akiezeka shule, zahanati na makanisa ya kila dhehebu. Watu wa visiwani walimwita Jagedo, yaani mjenzi, na yeye Mkisii akaitikia jina hilo la Kijaluo kana kwamba alizaliwa nalo. Kila paa alilomaliza alilipaka rangi nyekundu kwa mkono wake, ile inayozuia kutu. Alilolipenda kuliko yote lilikuwa la shule ya mapadri kule Mfangano, refu, limekaa begani mwa mlima. Aliporudi nyumbani na macho yake yenye siku za kuhesabika, hakulia wala hakumlaumu mtu. Alisema neno moja tu kwa binti yake.

"Fundi wa paa hulijua paa lake kipande kwa kipande, akiwa amelipigia magoti. Mimi sijawahi kuyaona yote kwa pamoja. Ningeyaona mara moja tu, giza lingekuja lilivyotaka."

Nyatichi alilishika neno hilo. Ilitokea kwamba mwenye hoteli alikuwa amemwahidi zawadi kwa utumishi wake wa miaka mingi: yeye na ndugu yake mmoja warushwe juu ya visiwa, siku watakayochagua wenyewe, ilimradi helikopta haina wageni. Mwezi wa Januari alikwenda Rongo mwenyewe kumpa mzee habari hiyo, na Mzee Omosa akasimama pale pale kutafuta kofia.

"Twende hata kesho," alisema.

"Tata, kesho utaona nini? Vumbi? Huu si msimu. Mimi ndiyo kazi yangu kujua."

"Vumbi nitalivumilia. Heri kenda shika kuliko kumi nenda uje."

"Umengoja miaka yote hii, mwezi wa sita ni karibu. Nataka uvione vizuri kabisa, siyo kuchungulia."

Mzee aliketi tena, kofia ikabaki mapajani. Hakubishana. Katika nyumba ile yeye ndiye aliyezoea kuamua, na pengine alifurahi kwamba kwa mara hii moja ameamuliwa na mtu anayempenda. Nyatichi alirudi Mbita akiwa na furaha ya mtu aliyekwisha kutenda jema.

Mwezi wa sita ulifika, na kwanza ulimchokoza. Wiki ya mwanzo mawingu yalikaa juu ya Mfangano kama yamelipa kodi. Wiki zilizofuata anga likatakata, lakini wageni nao walikuwa wamesikia ushauri wa Nyatichi, wakaja makundi kwa makundi na kuijaza helikopta kila asubuhi. Karibu kila jioni alimpigia baba yake simu. "Macho yanaendeleaje?" Na mzee akajibu, "Yapo." Ndivyo alivyojibu kila mara, yapo, na binti akaridhika.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo, alasiri, rubani aliingia mapokezi akipunga miwani yake. Chrispine alikuwa Mjaluo wa Homa Bay, mtu wa maneno mepesi na roho safi.

"Madam Nyatichi, kesho asubuhi chopa iko free. Wageni wame-cancel. Na hiyo hali ya anga, wacha tu! Sijaona clear kama hiyo mwaka huu. Ita mzee."

Moyo wa Nyatichi uliruka, kisha ukatua. Kesho ilikuwa Jumamosi.

Inafaa mtu amjue Mzee Omosa na Sabato yake. Alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, wa wale wa zamani. Ijumaa jua likikaribia kutua, kwake chakula cha kesho kimepikwa, viatu vimepigwa rangi, na simu imezimwa mpaka Jumamosi jioni. Lile paa la mapadri analolipenda, Ijumaa moja lilikuwa nusu wazi na mvua inanguruma upande wa Uganda. Mzee akatazama jua, akateremka kwenye ngazi, akanawa mikono. Padri alimsihi, akamkemea, akamsihi tena. Wapi! Mvua ikanyesha madawatini usiku kucha. Jumapili mzee akapanda na nyundo yake, na padri naye akamwambia ashuke, maana hapigi mtu misumari wakati wa Misa. Paa likasubiri Jumatatu, na hadithi hiyo Nyatichi aliisikia utotoni mpaka akaijua kwa moyo.

"Haiwezekani," alimwambia Chrispine. "Kesho ni Sabato. Baba hawezi."

"Si umuulize kwanza?"

"Namjua. Nikimuuliza nitamkosea tu heshima."

"Sawa, lakini Jumapili mimi napeleka ndege Nairobi service, halafu inaenda Mara kubeba watalii wa kuona nyumbu. Kurudi huku ni mwisho wa Agosti."

"Agosti pia ni kiangazi," alisema Nyatichi. "Anga litakuwa safi."

Jua lilikuwa bado juu ya Rusinga. Simu ya mzee ilikuwa bado hewani. Nyatichi aliiangalia simu yake, akaiweka kifudifudi mezani, akaendelea na kazi. Wala baadaye hakumwambia baba yake kuhusu nafasi hiyo, kwa kuwa aliona hakuna haja ya kumwonyesha mtu chakula asichoweza kula. Kesho yake, akitoka kanisani, alitazama ziwa lilivyotulia na visiwa vilivyokuwa wazi, akasikitika kidogo, lakini dhamiri yake ilikuwa shwari.

Mwisho wa Agosti helikopta ilirudi, na siku ya Jumatano Mzee Omosa akaja kutoka Rongo. Aliletwa na Bitutu, mke wa kaka yake Nyatichi, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa naye. Mzee alivaa suti yake ya kanisani na kofia, akatembea taratibu ameshika mkono wa Bitutu.

"Ni goti," alisema kabla hajaulizwa. Bitutu aliangalia chini.

Nyatichi hakushuku. Tumlaumu? Mtu aliyengoja siku moja miezi minane huiona siku hiyo tu, hamwoni aliyesimama mbele yake. Na kweli siku ilikuwa ya kuonwa. Ziwa lilikuwa limelala, hakuna wingu, hakuna moshi.

Chrispine aliwafunga mikanda baba na binti, akawavalisha vile vya masikioni vya kuzungumzia, wakapaa. Rusinga ikajitandaza chini yao, barabara ya daraja ikaonekana nyembamba, ikiiunganisha na Mbita. Mzee aliweka uso dirishani.

"Unaona, Tata?"

"Naona, naona. Mungu ni mkubwa."

"Ule ni mchanga wa Takawiri. Na minazi, unaiona?"

"Mweupe kweli," alisema mzee, na Nyatichi akabana machozi ya furaha, kwa sababu hili ndilo alilolitaka, na ameliona kwa macho yake.

Wakaufikia mlima wa Mfangano. Chrispine, aliyekuwa ameambiwa habari za paa, aliizungusha helikopta polepole upande wa shule ya mapadri, akaiinamisha ili mzee apate kuona vizuri. Nyatichi akatazama, akashangaa. Paa lilikuwa refu vile vile, limekaa begani mwa mlima vile vile, lakini lilikuwa la buluu, mabati mapya yanametameta. Akamgeukia baba yake apate kumfariji.

Mzee alikuwa anatabasamu.

"Lile pale," alisema, akinyoosha kidole kwenye maji matupu. "Limebaki jekundu kama nilivyoliacha. Rangi ile nilikoroga mwenyewe."

Hapo ndipo Nyatichi alipolielewa lile goti, na kope zisizotikisika mbele ya jua, na Bitutu alivyoinamisha uso, yote kwa mara moja. Baba yake alikuwa haoni. Siyo kwamba haoni vizuri. Alikuwa haoni kabisa, na alikuwa amepanda mpaka huku mawinguni ili binti yake asijue.

"Ndiyo, Tata," alisema. "Ni jekundu."

"Yote?"

"Yote ni mekundu."

Mzee alirudisha mgongo kitini, akafumba macho. Nyatichi alijua majina ya visiwa vyote vilivyopita chini yao, na maneno mazuri ya kuvieleza, ila siku hiyo aliyachukia.

Walipotua, Chrispine alizima mitambo, akaja kumshika mzee mkono amshushe. Bitutu alikuwa anangoja uwanjani. Rubani yule hakuwa ameelewa lolote, na kwa wema wake akafungua kinywa.

"Mzee, pole. Leo ni poa, lakini ile Jumamosi ya June ndio ilikuwa siku. Hata samaki ungeona. Sema tu binti yako alikataa, akasema ni Sabato."

Mzee Omosa alisimama. "Jumamosi gani?"

Mzee alilisaka bega la binti yake kwa mkono mpaka akalipata.

"Juni nilikuwa bado naona," alisema. "Katikati hapa, kadiri ya sahani. Macho yaliondoka Julai."

"Tata, nilijua utakataa."

"Mwezi wa Januari, ulipoondoka, nilikwenda kwa mchungaji. Nikamwuliza, wakiniita siku ya Sabato nifanyeje? Akaniambia kuangalia kazi ya mikono ya Mungu si kazi, nenda. Nikamwambia, na mapaa yangu je, hayo si kazi ya Mungu. Akacheka, akasema hayo utayaona kwa bahati mbaya." Mzee naye alicheka kidogo, kisha akaacha.

"Mbona hukuniambia?" Sauti ya Nyatichi ilikuwa imepasuka.

"Nilidhani utauliza."

"Kila mtu anajua wewe na Sabato. Ile mvua, yule padri, wewe mwenyewe ndiye uliyetusimulia!"

"Ni kweli. Yule mtu aliyeteremka kwenye ngazi angekataa, hukumsingizia. Lakini mtu akiona giza linamjia hubadilika, mwanangu, na nyinyi mlikuwa mnaniuliza habari za macho tu." Alisema hivyo bila ukali wowote, na hilo ndilo lililomuumiza Nyatichi zaidi. Angegombezwa angepata pa kushika.

Bitutu alikuwa amejifunika uso na leso. Chrispine alirudi nyuma hatua kadhaa, miwani yake mkononi, akitamani ardhi immeze.

"Sasa niambie kweli," mzee akaendelea. "Nilipolinyooshea kidole lile la Mfangano, ulichelewa kujibu. Ni jekundu?"

Nyatichi alifikiri kuendelea na uongo wake. Ulikuwa uongo mwema na tayari ulikuwa umeanzwa. Lakini alikuwa amekwisha kumwamulia mzee huyu mambo ya kutosha mwaka huu.

"Ni la buluu, Tata. Wameweka mabati mapya."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Yamenyooka?"

"Yamenyooka."

"Vizuri. Wameyaweka lini?"

Hili nalo alilijua, maana mabati hayo yalipita mbele ya hoteli yakiwa yamelundikwa kwenye boti, na yeye mwenyewe akauliza ni ya wapi, akaambiwa Mfangano, asiwaze kabisa paa la baba yake. Mdomo wake ulikataa, akaulazimisha.

"Mwezi wa saba."

"Basi Juni lilikuwa bado langu," alisema Mzee Omosa.

"Ndiyo, Tata," alisema Nyatichi, na hapo akalia kwa sauti, mbele ya Bitutu, mbele ya rubani, na mbele ya wageni waliokuwa wamepanga foleni uwanjani wakisubiri zamu yao ya kuruka.