Boliti ya Shokamzoba

Spana namba kumi na saba ilikuwa mkononi mwangu, nami nikaiweka chini makusudi, nikachukua namba kumi na tisa. Ikawa inacheza juu ya boliti kama kofia ya mtu mzima kichwani mwa mtoto. Nikamtupia jicho mume wangu. Alikuwa kwenye kiti chake mlangoni mwa banda la gari, mkono wa kulia umelala mapajani, anaona kila kitu.

Nilikuwa namchokoza. Miaka thelathini alikuwa fundi magari, na hakuna kilichompandisha hasira kama kuona mtu anatumia spana isiyoishika boliti sawasawa. Tangu kiharusi kimpige, miezi mitano iliyopita, hakuwa amefungua kinywa. Muuguzi aliyekuja kumnyoosha viungo alisema sauti ipo, ila anaona haya kwa kuwa ulimi umekuwa mzito. Nilikuwa nakula naye, nalala naye, na upweke unanitafuna. Nilifika mahali nikawa najiuliza swali na kujijibu mwenyewe, tena nikiigiza sauti yake. Nilitaka anikaripie tu. Hata angeniita mjinga, ningeshangilia.

Gari lilikuwa lake, kuukuu kuliko ndoa yetu, na fundi mwingine hakuwahi kuligusa. Shokamzoba moja ya nyuma, kile chuma kinachomeza mitikisiko ya barabara, ilikuwa imekufa, na kila nilipompeleka hospitali alikunja uso kwa maumivu tulipopita shimoni. Basi nikavaa ovaroli lake, nikakunja mikono, nikaingia mvunguni. Ile boliti ya chini ilikuwa imeliwa na kutu mpaka huoni boliti inaishia wapi na chuma kinaanzia wapi. Niliisugua kwa brashi ya waya, nikaimwagia mafuta ya taa, nikaigonga kwa nyundo. Wapi! Mwishowe nikaacha utani, nikarudisha ile spana ya kumi na saba, nikachomeka bomba kwenye mpini wake ili nipate nguvu.

"Kaza."

Nilidhani naota. Nikachungulia. Midomo yake ilikuwa inatetemeka, mishipa ya shingo imemtoka.

"Kaza," akasema tena. "Ki... kidogo."

Machozi yalinitoka papo hapo. Lakini muuguzi alikuwa ameniambia kwamba akianza kusema atachanganya maneno, atasema juu akimaanisha chini, nami nimrekebishe taratibu. Nikajifanya mwalimu.

"Tunalegeza, mzee wangu," nikamwambia, kwa ile sauti tunayowasemeshea watoto wanaojifunza kutembea. "Hebu sema: le-ge-za."

Akanitazama. Akatikisa kichwa. Nami kwa furaha yangu nikalivuta lile bomba kwa uzito wangu wote, upande wa kulegeza. Likaachia ghafla, na kwa sekunde moja nikajiona shujaa. Kisha kichwa cha boliti kikaanguka sakafuni, kimekatika shingoni.

Siku ya tatu ilibidi nimwite fundi wa mtaa wa pili, yule waliyemwita Grisi, aje atoboe kipande kilichobaki ndani. Alimwamkia mume wangu kwa heshima zote, akachuchumaa nyuma ya gari, akatazama, akacheka kidogo.

"Boliti yenye kutu kama hii, mama, unaikaza kidogo kwanza kutu ipasuke, ndipo unailegeza. Hukuwa na mtu wa kukwambia?"

Mume wangu alikuwa palepale mlangoni, hatua nne kutoka kwetu. Akanigeuzia uso, akasubiri nijibu. Aliishi mwaka na ushee baada ya siku hiyo, kimya, na mpaka leo naamini sauti yake ingerudi lau ningemjibu Grisi vingine. Lakini nilikuwa na mafuta mpaka kwenye nywele, na naona aibu mbele ya fundi.

"Sikuwa na mtu," nikasema.