Ngamia Saba wa Mahat

Asubuhi ya Jumatatu moja, katika ukame wa mwaka tisini na sita, Abshiro alifika kwenye kisima cha pampu, huko Buna, na mbuzi wake kumi na wawili, akakuta lango lina kufuli. Ndani mashine ilinguruma na ng'ombe wa mheshimiwa mbunge walikuwa wanakunywa. Mahat, ofisa wa maji, mtoto wa dada yake, alikaa kivulini akisoma gazeti la juzi, ufunguo gotini.

Mbuzi hawakuwa wameonja maji tangu Ijumaa.

"Habaryar, mama yangu mdogo, rudi kesho," alisema Mahat. "Ni amri kutoka juu."

"Na jana ulisema kesho. Leo zamu ni yangu, Mahat. Huko chuo kikuu hawakuwafundisha haki?"

"Walitufundisha. Kila Alhamisi, saa nane. Nilipata A."

Wala hakudanganya. Ili afike huko Nairobi, nyumba saba zilitoa ngamia wa kuuzwa kwa wachinjaji, kila nyumba mmoja. Abshiro alimtoa wake pekee wa maziwa, yule wa sikio lililochanika. Wazee walisema, tukimsomesha huyu, hakuna mkubwa atakayetuvunjia zamu tena. Maskini wazee!

Baada ya swala ya adhuhuri, wale ngamia saba walirudi kwa barabara ya Wajir. Walikuwa wamechinjwa miaka sita iliyopita, na kila mmoja alikuwa na kovu la kisu shingoni, limepona vizuri. Walijipanga nyuma ya mbuzi wa Abshiro, kwa sababu mbuzi ndio waliotangulia kufika. Ngamia hajasoma, lakini zamu anaijua. Mzee Dubow, mmoja wa wale waliotoa ngamia, alimtambua wa kwake kwa chapa, akaanza kumtoa kupe.

Abshiro alimkamua yule wa sikio lililochanika mpaka kibuyu kikajaa. Maziwa ya kwanza ni ya mgeni, na Mahat, tuseme ukweli, alikuwa mgeni. Akampitishia juu ya lango.

Mahat alikunywa yote. "Ni yuleyule," alisema, na machozi yakamlengalenga, maana si jiwe. "Allah akuzidishie, habaryar."

Akafuta mdomo, akatia ufunguo mfukoni, akarudi kivulini.

Kabla ya alasiri mbuzi wawili wa Abshiro walianguka, hawakuinuka. Aliwavuta pembeni mwenyewe. Ngamia wakasogea mbele hatua mbili, wakaendelea kungoja.