Hoja ya Tatu

Kalamu nyekundu ya Mwalimu Rebeka ilikuwa imeshapita juu ya insha thelathini na nane bila kusita, ikafika kwenye insha ya Dorcas na kusimama katikati ya ukurasa wa pili. Hadi hapo kila kitu kilikuwa kimekwenda sawa. Utangulizi ulikuwa na maana ya fasihi, hoja ya kwanza ilikuwa umaskini, ya pili ulevi, na kila moja ilikuwa na mfano na nukuu yake kama watahini wanavyotaka. Kwenye hoja ya tatu msichana alikuwa ameandika: "Mbeleko aliyoiacha Milembe kitandani si ishara ya kukana umama. Aliiacha bila kuifua ili mtoto akilia apewe, aisikie harufu ya mama yake, alale."

Rebeka aliisoma mara mbili. Kisha akaikata kwa mstari mmoja mrefu uliotoboa karatasi, akaandika pembeni: "Umeyatoa wapi haya? Soma mwongozo." Kule juu, kwenye kona, akaandika sita juu ya kumi na tano.

Mwongozo wenyewe ulikuwa wake. Kilikuwa kijitabu chembamba cha jalada la kijani, alichokiandika miaka kumi na mitano iliyopita alipokuwa bado mgeni shuleni hapo Buhongwa, kuichambua riwaya ya Ng'ambo ya Ghuba: dhamira, wahusika, ishara, ujumbe, vyote vimepangwa moja hadi sita ili visimchoshe mtu kuvikariri. Kuanzia Misungwi mpaka Buswelu ilikuwa vigumu kumkuta mtoto wa kidato cha nne asiyekuwa nacho, wengine wakiwa na nakala ya kivuli iliyotolewa kivuli tena, maandishi yake yameshafifia. Riwaya yenyewe ilikwisha madukani zamani, na Rebeka alijua fika kwamba waliousoma mwongozo walikuwa wengi kuliko waliowahi kuishika hiyo riwaya. Asubuhi ile ile ya Jumamosi mchapaji wake, Sachin, alikuwa amempigia simu kutoka mjini kuuliza kama kuna cha kubadilisha katika toleo la nne. Rebeka alikuwa akimenya viazi. "Chapa kama lilivyo," alimjibu.

Katika riwaya hiyo, mwanamke aitwaye Milembe anamwacha mwanawe kwa bibi yake alfajiri moja, anavuka ziwa kwenda kutafuta kazi visiwani, na kurudi kwake kunachukua miaka. Kitandani anaacha mbeleko. Mwandishi, ambaye sasa ni marehemu, hakueleza mbeleko ile ilikuwa ya nini. Aliiacha palepale akaendelea na habari za mtumbwi. Rebeka ndiye aliyeieleza. Ukurasa wa thelathini na moja, hoja ya tatu, sentensi ambayo watoto wa wilaya tatu waliijua kama sala: "Mbeleko iliyoachwa ni ishara ya kukana umama, Milembe ni mama asiye na upendo."

Alipoiandika hakuwa akimfikiria Milembe hata kidogo.

Aliyemfikiria alikuwa sasa uani, ameketi kwenye kigoda na ungo mapajani, akichambua dagaa. Jina lake Minza. Alimwacha Rebeka kwa bibi yake Misungwi akiwa na umri wa miaka mitatu, akaenda kuanika dagaa kwenye kambi za visiwani, akarudi baada ya miaka kumi na moja na kumkuta binti mrefu aliyevaa sare ya shule, ambaye hakujua amwamkie vipi. Miguu yake ilipokataa kazi, miaka sita iliyopita, Rebeka alimchukua. Watu wa kanisani walimsifu sana kwa hilo. Alimnunulia godoro na dawa za presha, akampa chumba chenye dirisha la kuelekea ziwani, ila neno moja tu hakuweza kumpa. Alimwita Bibi, kama wapangaji walivyomwita, na Minza naye alimwita Mwalimu. Walipishana hivyo ndani ya nyumba moja, kwa adabu isiyo na kasoro.

Dorcas alikuwa binti wa mpangaji wa chumba cha uani. Rebeka alimwita, akaja akijifuta mikono kwenye sketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo." Akamsogezea karatasi. "Hii umeinakili kwa nani?"

"Sijanakili, Mwalimu."

"Mwongozo unasemaje hoja ya tatu?"

Dorcas aliisema yote, neno kwa neno, mpaka kituo chake.

"Kumbe unaijua. Sasa kwa nini hukuiandika?"

Msichana alitazama mstari mwekundu uliotoboa karatasi yake. "Nilikuwa najisomea pale uani kwa sauti. Bibi akaniuliza, huyo mwanamke mbeleko yake ilikuwa safi au chafu? Nikamwambia kitabu hakisemi. Akasema, basi aliyeandika huo mwongozo hajawahi kuacha mtoto."

Rebeka aliweka kalamu chini.

"Alijua ni nani aliyeuandika?"

"Siku hiyo hapana. Aliniuliza baadaye, nikamwonyesha picha yako pale nyuma ya jalada."

"Lini?"

"Mwezi wa tano, Mwalimu."

Sasa ulikuwa mwezi wa nane. Rebeka alihesabu chai walizokunywa pamoja tangu mwezi wa tano, sala za chakula, safari za kliniki ambazo mama yake alimshika bega kupanda ngazi, na katika yote hayo mwanamke yule alikuwa akijua kilichoandikwa ukurasa wa thelathini na moja. Alimruhusu Dorcas aende. Akabaki amekaa na aibu, maana kumhukumu mtu asiyejua kusoma ni jambo moja, na kugundua kwamba alisomewa hukumu yake na mtoto wa mpangaji ni jambo lingine kabisa.

Alitoka uani. Upepo wa ziwani ulikuwa umeanza, na Minza alikuwa amegeuza kigoda ili dagaa wasipeperuke.

"Bibi, umemwambia nini Dorcas?"

"Habali ipi?"

"Ya mbeleko."

Minza alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa. Hakuwa na haraka. "Nilimwambia ninachokijua. Nguo ya mgongoni haifuliwi, Mwalimu. Mtoto aliyezoea mgongo, ukimwondolea mgongo, unamwachia halufu. La sivyo halali."

"Yangu ilikuwa imefuliwa."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Hilo ndilo lililokuwa kumbukumbu yake ya kwanza duniani, na hakuwahi kumweleza mtu: kamba iliyofungwa kati ya mipapai miwili, kitenge cha buluu chenye samaki wa njano kinachuruzika, naye amesimama chini yake matone yakimwangukia usoni. Alikivuta kikaanguka. Alikishindilia puani, akasikia sabuni ya mche na maji ya kisima, basi. Alipokua na kupata akili ya kutafsiri mambo, alitafsiri kwamba mama yake alikuwa amejisafisha aachane naye, amejifua, hata harufu hakutaka kuibakiza. Juu ya tafsiri hiyo alijenga mambo mengi, na kijitabu cha kijani kilikuwa mojawapo tu.

Mikono ya Minza ilikuwa imesimama.

"Ilifuliwa?"

"Ilikuwa kwenye kamba. Niliiona."

"Nani aliifua?"

"Nitajuaje? Nilikuwa na miaka mitatu."

Mwanamke mzee aligeukia ukuta wa jikoni. "Mama yangu alipenda usafi," akasema. "Nilimwambia asiifue. Nilimwambia mala mbili, na ya pili nilikuwa nje tayali, mlangoni." Akautikisa ungo, ingawa dagaa hawakuhitaji kupepetwa. "Ilifuliwa."

Mtu angetarajia hapo huruma ije. Kilichompanda Rebeka kilikuwa hasira mpya, hasira isiyo na pa kwenda, kwa kuwa bibi yake alikuwa kaburini mwaka wa ishirini sasa, mwanamke mwema, msafi, aliyemlea kwa uji na viboko vya haki. Ikabidi airudishe hasira palepale ilipozoea kukaa.

"Na miaka kumi na moja? Nayo aliifua bibi?"

"Hapana," Minza akasema. "Mwaka wa kwanza sikuwa na kitu cha kukuletea. Wa pili nikaona aibu ya ule wa kwanza. Ikawa hivyo, aibu juu ya aibu, mpaka ukakua." Alimtazama usoni, jambo alilolifanya mara chache. "Hiyo ya miaka usiifute, Mwalimu. Hiyo ni kweli. Futa ya mbeleko tu."

Rebeka aliingia ndani akatafuta simu chini ya rundo la insha.

Sachin alipokea akipiga kelele kushinda mngurumo wa mashine. Babu yake ndiye aliyeanzisha kiwanda kile kidogo cha uchapaji, na watatu hao, babu, baba na mjukuu, walikuwa wamechapa kadi za harusi na vitabu vya risiti vya nusu ya mji wa Mwanza.

"Mwalimu! Habari za tangu asubuhi?"

"Nzuri. Sachin, ukurasa wa thelathini na moja. Nataka kuondoa sentensi."

"Ah, samahani sana, Mwalimu. Si ulisema kama lilivyo? Tulianza saa nne. Sasa hivi tunabana pini."

"Nakala ngapi?"

"Elfu mbili. Shule tatu zimeshaagiza." Akasogea mbali na mashine. "Ni kosa la herufi?"

"Hapana."

"Ni kosa kubwa?"

"Ni sentensi moja."

"Sentensi moja tu! Mwalimu, usijitese. Tutairekebisha toleo lijalo, hakuna atakayeiona."

Alimshukuru, akakata simu. Wataiona, alisema moyoni, ndiyo hiyo tu watakayoiona. Alianza kuzipanga upya insha juu ya meza na majina yakawa yanampitia machoni, naye akawa anayafahamu kwa namna ambayo hakuwahi kuyafahamu alipokuwa akiita mahudhurio. Huyu alilelewa na bibi yake Igoma, mama yuko Ukara anapika kambini. Huyu mama yake yuko Uarabuni, mwaka wa tano. Hawa mapacha wana babu tu. Karibu nusu ya darasa walikuwa watoto wa kuachwa mahali, na wote, kwa mwandiko safi, walikuwa wameandika kwamba Milembe ni mama asiye na upendo. Yeye ndiye aliyewafundisha kuwahukumu mama zao, kisha akawalipa alama mbili na nusu kila mmoja. Kwa miaka kumi na mitano hakuna aliyebisha, naye alijisifu kwamba anafundisha vizuri.

Aliivuta insha ya Dorcas. Aliikata ile sita, akaandika kumi na nne, akatia sahihi pembeni kama utaratibu ulivyotaka. Maneno aliyoyaandika pembeni, ya kuuliza umeyatoa wapi, aliyafuta kwa wino mweupe. Palibaki doa na tobo.

Kesho yake, baada ya ibada, alichukua karatasi ile kumpelekea Dorcas mwenyewe, asiisubiri Jumatatu. Alikuwa amejiandaa kumwambia kitu. Hakuwa na uhakika ni kitu gani, lakini kilikuwa na neno samahani ndani yake, na alikuwa amekusudia kukisema pale pale uani, kwa sauti ambayo aliyekaa kwenye kigoda angeisikia. Alipofika kwenye kona ya jikoni alisikia sauti, akasimama.

Dorcas alikuwa amekaa chini, amefumba macho, anakariri. Minza alikuwa amemshikia kijitabu cha kijani, kimefungwa, juu chini, picha ya Rebeka ikiwa imeelekea mapajani.

"Hoja ya kwanza, umaskini. Hoja ya pili, ulevi. Hoja ya tatu..." Msichana alifumbua macho. "Bibi, hii ya tatu siitaki."

"Itake. Ndiyo itakayokupa alama."

"Lakini wewe ulisema..."

"Mimi sisahihishi mitihani. Mwezi wa kumi na moja utanikuta mimi kwenye hicho chumba cha mtihani? Sema."

Dorcas alitikisa kichwa. Minza aliweka kiganja chake juu ya jalada, akalinyoosha taratibu mahali lilipokunjika. Kisha akasema yeye, bila kufungua kitabu ambacho hata angekifungua asingeweza kukisoma, kwa sauti ya mtu aliyeisikia sala hiyo tangu mwezi wa tano.

"Mbeleko iliyoachwa ni ishala ya kukana umama. Milembe ni mama asiye na upendo. Haya, sema na wewe."

Dorcas akasema.

Kwenye kona ya jikoni Rebeka aliikunja karatasi taratibu, isisikike.

"Tena," Minza akasema.