Pumba za Mama Tadei

"Basi sema mbele za watu kwamba mimi mchawi," Mama Tadei alisema, kanga kaikaza kiunoni. "Jumapili zote hizi unakikwepa chakula changu."

Evaline alikuwa kwenye baraza ya chumba chake cha kupanga, akishonea vifungo sare za shule. Waliokwenda bombani wakasimama na ndoo zao. Mtaani kwetu Bombambili kesi haimpiti mtu.

Tangu binti huyu aje kutoka Namtumbo kujifunza ushonaji, Mama Tadei, jirani yake, ndiye aliyekuwa akimlisha kila Jumapili, mpaka wiki hizi za karibuni. Na ugali wake tunaujua: mahindi yakobolewe, yalowekwe, yaanikwe, unga utoke mweupe kama pamba. Pumba ni za nguruwe. Kumwandalia mgeni dona, ugali wenye pumba zake, kwake ni matusi.

"Sikichukii chakula chako, mama," Evaline alisema. "Naogopa. Mama yangu alikatwa mguu kwa sukari, na yangu imeanza kupanda."

Akaeleza alivyoambiwa kliniki. Apunguze mwili, atembee, aache soda. Halafu tumboni mna bakteria, wengine wema, na chakula chao ni pumba za nafaka, maharage, mboga za majani. Wakishiba, wanausaidia mwili kuimudu sukari. Kwa ugali mweupe mtupu wanadhoofu.

"Kumbe miaka yote wanaoshiba ni nguruwe wangu," Mama Tadei alisema.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Aliingia nyumbani kwake akafunga mlango, nasi tukajua urafiki umekwisha.

Wiki ile akaonekana mashineni, akitaka mahindi yake yasagwe bila kukobolewa. Msagaji alimuuliza mara mbili kama hajakosea. Habari ilifika mtaani kabla yake: wengine wakasema kafilisika, wengine mumewe kaachishwa kazi. Alipita katikati yetu, ndoo ya unga kichwani.

Jumapili Evaline alirudi kutoka kanisani akinyata kuelekea chumbani kwake. Kliniki walikuwa wamemwambia sukari imeshuka kidogo, aendelee hivyo hivyo, lakini hakuwa na wa kumsimulia. Mama Tadei alikuwa amesimama mlangoni kwake, mwiko mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huu ugali wako umenitoa jasho, na rangi yake kama tofali." Akasogea pembeni, mlango ukabaki wazi; harufu ya maharage na majani ya maboga ikatufikia hadi bombani. "Nawa mikono uingie ule. Na hao wa tumboni mwako nimewapikia."