Hesabu ya Magari Mbele ya Duka la Sofa

Mwalimu alikuwa na chekechea sebuleni kwake, na mumewe alikuwa amechoka. Mtu mzima na kitambi chake alikula chakula cha mchana jikoni, amesimama, kwa sababu kila kiti alichotaka kukalia kilikuwa na mtoto, au kilikuwa kimelowa. Siku alipokuta soksi yake ya kazini imechorwa macho na kuvalishwa gauni, alitoa tamko.

"Mke wangu, kati yangu na hawa watoto, mmoja atahama. Na mimi nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu."

Ndiyo maana lile duka la zamani la sofa lilipobaki tupu, Mwalimu alilitazama kwa macho ya bibi harusi. Lilikuwa na madirisha mapana, vyoo vinavyofanya kazi na uwanja wa nyuma walikokuwa wakikaushia mbao. Bado lilinuka vanishi. Mwenye jengo alikubali, bwana afya alikubali, hata mtu wa zimamoto alikubali baada ya kuonyeshwa mlango wa pili. Akabaki mtu wa magari. Manispaa ilisema duka la sofa haliwezi kugeuka chekechea hivi hivi, maana hakuna anayenunua sofa kila siku asubuhi, lakini watoto hupelekwa shule kila siku, tena wote kwa wakati mmoja. Lazima mhandisi aje, akae, ahesabu, aseme kama mtaa utaubeba huo mzigo.

Mwalimu aliogopa, tusifichane. Akikataliwa, watoto wangerudi kwa mama zao, naye angebaki sebuleni akimtazama mumewe mpaka Mungu awachukue. Alishawahi kustaafu mara moja na kazi hiyo haikumpendeza.

Na adui alikuwepo. Ng'ambo ya barabara, mkabala kabisa na duka, aliishi Kamanda. Bunduki hakuwahi kuishika. Maisha yake yote alikuwa mtunza stoo wa serikali, ila alitembea kama anayekagua gwaride, basi jina likamganda. Geti lake alilipaka rangi kila mwaka, na alilipenda kuliko alivyowapenda baadhi ya wakwe zake.

"Wazazi wataegesha hapa," alimlalamikia kila aliyepita. "Mbele ya geti langu! Hapa hapaegeshwi hata baiskeli ya malaika!"

Mhandisi alitoa taarifa kuwa atahesabu asubuhi mbili, Jumanne na Alhamisi. Hapo Mwalimu akakosea. Alidhani mtaa ni kama nyumba, mgeni akija unafagia. Jumatatu jioni akaanza kuzunguka. Fundi gari wa kona akaombwa afungue kibanda baadaye kidogo. Muuza gesi akaombwa apakie mitungi kwa nyuma. Madereva wa teksi wakabembelezwa wahamie barabara ya pili. Wenye magari yao wakaambiwa watoke alfajiri, na kwa kuwa nusu yao ni yeye aliyewafundisha kufunga kamba za viatu, nani angethubutu kubisha?

Jumanne mhandisi akaja. Alikuwa binti mwenye kofia pana, kiti cha kukunja na kidude mkononi cha kubonyeza kila gari linapopita. Alikaa, akangoja. Akapita paka. Baadaye yule paka akarudi.

Mwalimu akampelekea chai huku amejaa tabasamu. "Umeona mwanangu? Mtaa umetulia kama maji ya mtungini. Shule itatusumbua wapi hapa?"

Mhandisi alimtazama kwa huruma. "Mwalimu, mimi napima nyongeza. Naangalia magari yaliyopo, kisha naangalia shule itaongeza kiasi gani juu yake. Kwenye mtaa wenye pilikapilika, magari ya wazazi ni chumvi tu ndani ya sufuria. Lakini hapa pako patupu. Ukifungua shule, foleni yote itakayoonekana itakuwa ya kwako wewe."

Mwalimu akaelewa. Alikuwa amejipalia makaa kwa mikono yake, tena kwa kubembeleza watu.

Nyumbani mumewe alicheka mpaka akakohoa, halafu akaona machozi ya mkewe, kicheko kikamkauka. "Basi Alhamisi tuyalete magari," akasema kwa upole. "Nina mashemeji, nina marafiki..."

"Koma! Nimeumbuka mara moja, inatosha." Jioni hiyohiyo akapita tena kwa fundi, kwa muuza gesi na kwa madereva, akawaambia warudi kwenye shughuli zao kama kawaida.

Lakini Kamanda naye alikuwa ameuona mtaa mtupu, damu ikamchemka. Jumatano Mwalimu alimkuta gengeni akifoka mbele ya muuza nyanya.

"Ameuficha mtaa, yule mama! Kesho mhandisi atajua foleni ni nini. Nimewaambia wanangu wote watoe magari, wazunguke mpaka tairi zilie. Aone mtaa umeshajaa, hauna nafasi ya shule!"

Mwalimu alipaswa kusema neno. Yeye ni mwalimu, kazi yake kusahihisha. Badala yake alichagua nyanya moja moja, akazibinya taratibu, akalipa, akaenda zake huku akiimba.

Alhamisi ikawa vurugu. Watoto wa Kamanda walikuwa wapangaji wake, wote wakiishi kwenye nyumba zake za uani, na mpangaji hambishii baba mwenye nyumba, hata kama ana watoto garini wa kupeleka shule. Likatoka gari la binti yake mkubwa, likafuata pikapu la mwanawe, wakaja wakwe, na nyuma kabisa mkwe mdogo na lori la mchanga. Wakazunguka mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili lori likashindwa kukata kona, pikapu likalibana kwa nyuma, na mtaa mzima ukaziba. Honi zikalia. Kamanda alisimama juu ya ngazi yake ya kupakia geti rangi, akishangilia. Mwalimu naye, ndani ya duka, alishangilia zaidi.

Furaha yake haikudumu. Mhandisi alisimama, akakunja kiti.

"Gari lile lenye mlango uliobonyea limenipita mara nyingi kuliko nilivyokunywa chai," alisema kwa sauti. "Hesabu hii naitupa. Na ya Jumanne naitupa. Juzi mtaa ulikuwa umelazwa kwa nguvu, leo umepandwa na wazimu. Mnanichezea wote wawili."

Mwalimu alishikwa na aibu mpaka masikioni. Alikuwa anatafuta maneno ya kuomba radhi pale binti mkubwa wa Kamanda alipochomoza kichwa dirishani mwa gari.

"Mwalimu! Nakuomba! Mtoto amebanwa na mkojo!"

Aibu ina wakati wake, na mkojo wa mtoto haungoji. Mwalimu akafungua milango yote miwili. Akaingia yule mmoja, na kwa kuwa haja ya mtoto huambukiza, wakafuata wengine kutoka pikapu, kutoka magari ya wakwe, hata mmoja kutoka ndani ya lori, wote na sare zao na mabegi yao. Baada ya choo wakauona uwanja wa nyuma. Baada ya uwanja, hakuna aliyetaka kurudi garini.

Mhandisi alisogea kwa binti wa Kamanda. "Huyu unampeleka shule wapi?"

"Ng'ambo ya mji, kila siku. Na wa kaka yangu hukohuko. Nyumba zote hizi ni hivyohivyo, dada yangu."

"Na shule ikiwa hapa?"

"Hapa? Ningemleta kwa miguu, na ndala zangu, sijanawa uso!"

Mhandisi akacheka, akakaa tena. Wiki iliyofuata alirudi bila kumwambia mtu, akahesabu mtaa ukiwa mtaa, na akauliza nyumba kwa nyumba. Ikaonekana magari mengi ya asubuhi yalikuwa yakitoka humohumo kupeleka watoto mbali. Shule ingeyapunguza. Kibali kikatoka na sharti moja, kwamba kila asubuhi mtu mzima asimame mbele ya shule kuwavusha watoto.

Kamanda alikuja mwenyewe kuuliza nani atasimama. Hakutaja geti, hakutaja lori.

"Kama lazima asimame mtu," alisema akitazama sakafu, "asiwe mtu asiyejua kazi. Na yule mjukuu wangu mmemwandikisha?"

Siku ya kwanza alifika kabla ya wote, wajukuu wake wakimfuata, kizibao cha njano kimepigwa pasi, filimbi mdomoni. Wazazi wengine wakaja kwa miguu, na ndala zao, wote wakitokea upande uleule wa shule. Kamanda akasimama, akangoja. Gari halikuja. Kutoka dirishani Mwalimu alimwona akiivuta fulana chini ya kizibao, akikohoa, akitazama huku na huku kama mgeni aliyekosea nyumba, na moyo ukamuuma. Alijua mtu aliyestaafu anavyokuwa.

"Watoto," akasema, "shikaneni mikono. Tunaenda kusalimia geti la babu."

Akawapanga barabarani. Kamanda akanyoosha mgongo, akainua mkono, akapuliza filimbi kwa pumzi zake zote, na barabara nzima, tupu kama ilivyokuwa, ikasimama.